Planta Mpya na Mizani ya Kliniki

Mwalimu Odilia Komba alifika shambani mwezi Novemba mwaka 1981, juu ya lori la mbolea, akiwa na sanduku la bati, godoro la sufi na barua ya uhamisho. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwao ni Mbinga, kwenye mabonde na mashamba ya kahawa, na hakuwahi kuona ardhi iliyonyooka namna ile. Upande mmoja ulisimama mlima Hanang, kichwa kikiwa ndani ya wingu. Pande zilizobaki ilikuwa ardhi iliyolimwa, nyeusi, mpaka macho yachoke.

Barua ilisema atawafundisha wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali kusoma, kuandika na hesabu, ili waendane na kilimo cha kisasa. Meneja wa shamba, Bwana Hilary, mtu wa Bukoba ambaye suruali zake zilikuwa na mstari wa pasi hata siku za vumbi, aliisoma barua hiyo mara mbili.

"Kilimo cha kisasa ninacho, mwalimu," alisema, akionyesha dirishani kwa kalamu. Nje yalikuwa yamepangwa matrekta. "Watu wa kisasa ndio sina. Kila mwaka tunaletewa mashine mpya na vitabu vya Kiingereza, na madereva wangu wanaendesha kwa kukisia. Nitengenezee watu."

Odilia akapewa chumba mwisho wa ghala, ubao, na boksi moja la chaki ambalo aliambiwa alitunze kama mboni ya jicho, maana lingine halijulikani litatoka wapi. Darasa lilianza saa kumi na nusu jioni, kazi zikiisha. Wiki ya kwanza walikuja kumi na wanne. Wiki ya pili, tisa. Ilipofika Januari walibaki wawili. Mmoja alikuwa Fransiska, msichana wa Balangdalalu aliyefanya kazi kwenye ghala la mbegu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na mwezi uliopita alikuwa ameomba afundishwe kuendesha trekta, karakana nzima ikacheka. Wa pili alikuwa Qamara, dereva kijana, ambaye kila mtu alijua anakuja kwa sababu Fransiska anakuja.

Basi siku moja Odilia aliacha darasa akaenda karakana kumtafuta Bura Sulle, dereva mkubwa kuliko wote. Bura alikuwa mtu wa Dongobesh, miaka hamsini na moja, ameendesha matrekta tangu enzi za walowezi. Asilolitaka yeye, madereva wengine nao hawakulitaka. Alimkuta amelala chini ya trekta anapaka grisi.

"Shikamoo, mzee Bura."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea? Darasa liko kule."

"Darasa liko kule, lakini wanafunzi wako huku."

Bura alitoka chini ya trekta akicheka, akajifuta mikono kwa tambara.

"Mwalimu, usikasirike. Siku ile ulituuliza, Juma ana nazi kumi na mbili, akiwagawia watoto watatu kila mmoja atapata ngapi. Mimi nina watoto saba, na nazi sijawahi kuishika mkononi. Nikatoka pale nawaza, huyu Juma ananitafuta nini? Mimi shida yangu ni dizeli, ni mbegu, ni trekta linalochemka. Wewe unaniletea nazi."

Odilia alitaka kujibu kwamba kitabu ndicho kilichosema nazi. Lakini aliona ni jibu la kitoto. Yeye mwenyewe akaanza kucheka.

"Kesho naomba nipande trekta lako," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Popote unapokwenda. Nataka kujua hesabu zako ziko wapi."

Na kweli alipanda. Mwezi wote wa Januari, asubuhi madereva walipotoka kulima, mwalimu alikaa juu ya madgadi, bati linalofunika gurudumu, kitambaa kichwani, daftari mapajani, akirushwa kama mahindi kwenye ungo. Aliuliza kila kitu. Lita ngapi kwa siku? Jembe lina upana gani? Ukiona mshale umefika hapa unafanya nini? Bura alijibu kwanza kwa kifupi, halafu kwa kirefu, halafu akaanza kueleza hata yasiyoulizwa. Odilia alijifunza kwamba mzee yule anajua kwa sikio tu kwamba beringi inakwisha. Alijifunza pia kwamba kila karatasi inapoletwa, Bura humpa Qamara na kusema miwani yake imebaki nyumbani. Nyumbani kwa Bura hakukuwa na miwani. Odilia alilijua hilo kutoka kwa mke wa mzee, na hakumwambia mtu.

Daftari likajaa, lakini darasa halikujaa. Katikati ya Februari Bwana Hilary alimwita ofisini.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini mkoani wananiuliza idadi, na mimi nina wawili. Msimu wa kupanda ukiisha bila watu kumi darasani, nitakuachia uende shule ya msingi Katesh. Kule wanakuhitaji."

Odilia alisema ndiyo, bwana meneja. Akatoka, akasimama barazani akitazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa Getanuwas. Kitu kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameanza kulipenda shamba lile.

Wiki ileile ndipo ilipofika planta mpya, mashine ya kupandia mbegu. Ililetwa kwa lori refu kutoka bandarini, nyekundu, inang'aa, na nyuma yake ilikuwa na mipira kumi na sita ya kudondoshea mbegu, kila mmoja na mstari wake. Mtaalamu wa kigeni aliyepaswa kuifunga na kuirekebisha alikuwa amekwenda Arusha kufuata vipuri, na habari zilikuja kwamba gari lake limeharibika njiani na hatarudi kabla ya siku nne. Mawingu hayakuwa na nia ya kusubiri siku nne. Meneja akatoa amri: kesho asubuhi tunaanza kupanda.

Asubuhi hiyo madereva wote walikusanyika karakana kuiona planta mpya. Odilia alikuwepo, na Fransiska alikuwepo na magunia ya mbegu. Bura alizunguka mashine mara mbili, akakishika kishikio cha kupimia mbegu, kile kinachosogea kwenye kibao chenye namba, akakivuta mpaka kikakaa.

"Tano," alitangaza. "Siku zote tunapanda kwa tano."

Fransiska alikuwa karibu naye kuliko wengine. Aliangalia kibao. Kishikio hakikuwa kwenye tano. Kilikuwa kwenye nane. Kwenye planta za zamani Bura alikuwa ameweka alama kwa tupa, na alikuwa akienda kwa alama, si kwa namba. Hapa alama haikuwepo. Fransiska akainama kama anaokota kamba ya gunia, akanong'ona kwa lugha yao ya Kiiraqw, ili masikio mengine yasishike:

"Mzee, kirudishe nyuma, mara tatu. Hapo ni nane."

Bura hakugeuka. Mkono wake ulirudisha kishikio: moja, mbili, tatu. Lakini Odilia aliuona uso wake, na akaelewa kilichotokea hata bila kujua lugha.

"Mzee Bura," alisema, "naomba kuuliza. Hiyo tano ni kilo ngapi?"

"Tano ni tano."

"Mashine ya zamani tano yake inaweza kuwa tofauti na ya hii. Mwaka jana mlipanda kwa tano, mbegu zikaisha, na hekta arobaini zikabaki wazi. Ndivyo ulivyoniambia mwenyewe, siku ile tulipokuwa tunalima kule bondeni."

Madereva wakatazamana. Jambo la hekta arobaini lilikuwa kidonda. Mwaka jana kila mtu alikuwa amemlaumu mwenzake, ghala likawalaumu madereva na madereva wakalilaumu ghala.

"Sasa unataka tufanye nini, mwalimu?" aliuliza Qamara. "Tuilete planta darasani?"

"Hapana. Darasa nitalileta mimi hapa. Nimesoma kitabu cha hii planta. Kiingereza changu si kizuri sana, lakini picha zinasaidia. Tunainua planta kwa jeki, tunaweka mbegu, tunazungusha gurudumu kwa mkono kama vile linatembea. Tunakusanya mbegu zinazodondoka, tunazipima. Tukishajua zimedondoka kilo ngapi, tunajua hekta nzima itakula ngapi."

Bura alikuna kidevu. Alimtazama Odilia, akamtazama Fransiska, akatazama mawingu.

"Leteni jeki," alisema.

Shida ikawa mizani. Ya ghala ilikuwa ya magunia. Vitu vidogo haikuvitambua. Fransiska alifikiri kidogo, halafu akakimbia. Alirudi na nesi Benedikta wa zahanati ya shamba, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, akiwa amebeba mizani ile ya kuning'inia wanayopimia watoto, pamoja na kaptula ya turubai anayovalishwa mtoto.

"Nawaazima mpaka saa sita," alisema Benedikta. "Saa sita nina kliniki, na akina mama wa huku hawapendi kungoja. Na mimi siondoki hapa, mashine yangu ni hii tu."

Wakaifunga mizani kwenye boriti ya karakana. Turubai likatandikwa chini ya planta. Odilia alichukua kamba, akaizungusha kwenye gurudumu, akampa Qamara aipime: mita mbili na nusu. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la trekta, maana chaki aliionea huruma.

"Gurudumu likizunguka mara moja, planta imetembea mita mbili na nusu. Tukizungusha mara arobaini?"

Ikaja sauti ya dereva mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kuonekana darasani: "Mia moja."

"Mita mia moja. Na planta ina upana wa mita nne. Mia moja kwa nne?"

"Mia nne," wakasema watatu kwa pamoja.

"Hekta moja ni mita za mraba elfu kumi, yaani vipande kama hivyo ishirini na vitano. Meneja anataka kilo themanini kwa hekta. Themanini ukigawa kwa ishirini na tano, ni kilo tatu na pointi mbili. Kaptula ya nesi ikituonyesha tatu na pointi mbili, tuko sawa."

"Huyo ni mtoto mzuri kabisa," alisema Benedikta. "Kilo tatu na pointi mbili, mama anarudi nyumbani siku ileile."

Qamara akazungusha gurudumu, wengine wakihesabu kwa sauti. Mbegu zikamiminika kwenye turubai. Wakazikusanya, wakazimimina kwenye kaptula iliyozibwa miguu kwa tambara, na Benedikta akasogeza uso kwenye mizani.

"Nne na pointi sita! Huyu mama yake ningempeleka hospitali ya wilaya mapema."

Watu wakacheka, lakini Odilia alikuwa anaandika. "Nne na pointi sita, mara ishirini na tano. Mia moja na kumi na tano. Kilo mia na kumi na tano kwa hekta, badala ya themanini."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja aliwaza magunia yanayoisha na ardhi inayobaki.

Hapo ndipo Land Rover ya meneja ilipoingia. Bwana Hilary alishuka, akaona planta imeinuliwa kwa jeki, madereva wamesimama, na ngano inaning'inia ndani ya kaptula ya mtoto.

"Saa tatu hii!" alifoka. "Mvua iko pale, ninyi mko kliniki? Nani ameruhusu?"

Odilia alifungua mdomo, lakini Bura alimtangulia. Alivua kofia yake.

"Mimi, meneja. Namba niliyoizoea ingekula mbegu zote kabla hatujamaliza shamba. Mwalimu ametuonyesha. Tupe mpaka saa tano. Saa tano tukiwa bado hapa, unilaumu mimi, si yeye."

Katika miaka yote Bwana Hilary hakuwahi kumsikia Bura akikubali kwamba amekosea jambo la trekta. Alitazama saa. Alitazama ile kaptula tena.

"Saa tano," alisema, lakini hakuondoka. Aliegemea gari lake akatazama.

Wakashusha kishikio mpaka tatu, wakazungusha tena mara arobaini. Fransiska alikuwa ameshainama kukusanya mbegu.

"Usiguse!" alisema Bura.

Wote walikuwa wanatazama mizani. Yeye alikuwa anatazama chini. Alipiga goti kwenye turubai, akaanza kuonyesha kwa kidole vichuguu vidogo vya mbegu, kimoja chini ya kila mpira.

"Mipira kumi na sita," alisema. "Vichuguu kumi na vitano. Huu hapa haujatoa kitu."

Aliingiza kidole kwenye mpira, akavuta, ikatoka karatasi ya kiwandani iliyokunjwa, labda ilisahaulika tangu mashine inafungwa huko ilikotoka. Bila yeye, kila baada ya mistari kumi na mitano shamba zima lingekuwa na mstari mtupu, na hesabu za Odilia zisingeona.

"Hilo halimo kwenye kitabu," alisema Odilia.

"Halimo," alijibu Bura, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitabasamu.

Wakarudia: mbili na pointi tisa. "Mtoto njiti," alisema Benedikta. Wakapandisha kishikio kidogo, Fransiska akisoma namba kwa sauti, Qamara akizungusha huku jasho linamtoka. Mbegu zikaingia kwenye kaptula. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Tatu na pointi mbili!" alipaza sauti Benedikta, na karakana ikapiga kelele kama vile kweli mtoto amezaliwa. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Meneja akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na hizi planta tatu za zamani?"

"Nazo tuzipime," alisema Odilia.

"Haraka basi," alidakia Benedikta. "Saa sita kaptula yangu narudi nayo."

Walipanda siku tisa. Mvua ilinyesha siku ya nne, ya kistaarabu, ikanyesha tena siku ya saba. Walipomaliza kipande cha mwisho, ghalani kulibaki magunia kumi na moja ya mbegu. Fransiska aliyahesabu mara tatu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitu kinabaki.

Jumatatu iliyofuata Odilia hakwenda kwenye chumba cha ghala. Aliubeba ubao mpaka karakana akauegemeza kwenye tairi. Walikuja kumi na tisa. Hakukuwa na nazi wala Juma. Walihesabu dizeli ya trekta lililolima hekta sita, walisoma majina ya vipuri kwenye maboksi, walijaza fomu za matengenezo. Anayejua jambo kwa mikono alilionyesha kwa vitendo, na Odilia akaligeuza kuwa maandishi. Bwana Hilary alipeleka idadi mkoani, na habari ya Katesh haikutajwa tena.

Bura alikuja siku hiyo nusu saa kabla ya wengine. Alisimama mbele ya ubao, kofia mkononi.

"Mwalimu, ile miwani ninayosema imebaki nyumbani..."

"Najua, mzee."

"Unajua?"

"Tangu Januari."

"Na hukusema." Bura alitikisa kichwa. "Basi nianze wapi?"

"Anza na jina lako."

Akawa anakuja mapema kila siku. Fransiska ndiye aliyemsaidia herufi, wakikaa wawili juu ya kasha la spana. Wiki ya tatu Bura aliinuka, akanyoosha mgongo, akasema, "Sasa zamu yangu. Panda trekta." Fransiska alidhani anatania. "Panda, nimesema. Wewe unanipa herufi, mimi nakupa klachi. Na atakayecheka aje acheke mbele yangu." Hakutokea wa kucheka. Mara ya kwanza trekta liliruka kama mbuzi likazimika. Mara ya pili vilevile. Qamara, aliyekuwa amesimama mbali akiwa na wasiwasi, alijipa kazi ya kusogeza madumu yote njiani.

Mwezi Julai, ngano ikiwa imeshakuwa rangi ya simba na makombaini ya kuvunia yakisubiri amri, ulifanyika mtihani wa madereva, wa kuandika na wa vitendo. Siku ya majibu meneja alibandika karatasi kwenye mlango wa karakana. Watu walijazana, lakini Qamara aliwazuia kwa mikono miwili.

"Mwacheni mzee asome kwanza."

Bura alisogea. Aliweka kidole kwenye jina la mwisho kabisa, kwa sababu alitegemea kujikuta huko, akaanza kupanda juu, akisoma taratibu, herufi kwa herufi. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyemharakisha. Alipita jina la kumi na nane, la kumi na tano, la kumi na moja. Uso wake ukaanza kuingiwa na hofu kwamba labda hayumo. Kwenye la saba kidole kikasimama.

"Bu... ra," alisema. "Bura... Su... lle." Akarudia tena, haraka zaidi. Kisha akageuka, macho yanang'aa, akasema kama anayepeleka malalamiko, "Wameniweka wa saba!"

Karakana ikashangilia. Odilia, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, alijifanya vumbi limemwingia machoni.

"Endelea, mzee," alisema. "Bado wako sita."

Bura akaendelea kupanda. Qamara alikuwa wa nne, akarusha kofia. Kidole kikafika juu kabisa, na hapo Bura hakuhitaji kusoma kwa herufi, maana jina lile alikuwa ameliona mara nyingi juu ya daftari lililokaa pembeni yake. Alimwita Fransiska kwa mkono, akampisha mlangoni ajisomee mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza ya mavuno, Fransiska alikabidhiwa trekta la kuvuta tela za ngano kutoka kwenye makombaini mpaka ghalani. Mama yake alikuja kutoka Balangdalalu kuhakikisha kwa macho yake, akasimama kando ya barabara ya shamba na kanga kiunoni. Bura alikaa kwenye madgadi, pale alipokuwa akikaa mwalimu, mikono yote miwili imeshika chuma.

"Klachi polepole," alisema. "Polepole, mwanangu. Kuna ngano ya watu nyuma."

Trekta likaondoka bila kuruka hata kidogo, na mama akaanza kupiga vigelegele, akilifuata mbio kwa miguu mpaka pumzi zikamwishia.